Saratani Moja Iliyotembea, au Mbili?

Neno "kizazi" limebebeshwa mzigo mkubwa. Mama anarudi kutoka hospitali akisema ameambiwa ana kansa ya kizazi, na pale sebuleni kila mtu anaelewa lake. Wifi anafikiria mlango wa kizazi, kwa kuwa ndio unaotajwa redioni na ndio wenye chanjo ya wasichana. Dada mtu anafikiria mfuko wenyewe, ule unaobeba mimba. Binti aliyesoma biolojia anauliza kuhusu ovari, yaani vifuko vya mayai. Kila mmoja kati ya hao watatu anaweza kuwa amepatia, na hapo ndipo tatizo lilipo: hizo ni saratani tatu zenye tabia tatu, na dawa ya moja si lazima iwe dawa ya nyingine.

Mwongozo huu unaishika ile ya katikati, inayoota kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, hasa pale inapokutwa imefika kwenye ovari. Kwa hesabu za mwaka 2022, wanawake wapatao 420,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya mji wa mimba, na wapatao 660,000 waligunduliwa kuwa na ile ya mlango wa kizazi. Katika Afrika Mashariki, hii ya pili imetawala kiasi kwamba jirani yake husahaulika. Katika kila wagonjwa mia wanaopasuliwa kwa saratani ya mji wa mimba, takriban watano hukutwa na saratani kwenye ovari pia. Kwa hao watano kuna swali moja linalobadilisha dawa, gharama na miaka iliyobaki: je, ni saratani moja iliyosafiri, au ni mbili zilizoanza kila moja mahali pake?

Kabla ya kufika huko, tuanze na damu.

Saratani ya mji wa mimba ina jambo moja la heri: haijui kujificha. Wagonjwa tisa kati ya kumi huonywa na damu, mara nyingi ugonjwa ungali ndani ya mfuko. Ya ovari haina adabu hiyo. Inaweza kukaa kimya mpaka tumbo lianze kujaa maji. Ndiyo maana mwanamke mwenye uvimbe sehemu zote mbili wakati mwingine huokolewa na mfuko wake wa uzazi: damu inampeleka hospitali, na huko ndiko ovari inakobambwa mapema kuliko ambavyo ingejitokeza yenyewe.

Damu yenyewe ni ipi? Kwa aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi, ni tone lolote, hata la rangi ya chai kwenye nguo ya ndani, hata lililotoka siku moja likakoma. Wapo wanaolipokea kwa mzaha, kwamba usichana umerudi. Wapo wanaonyamaza kwa sababu daktari aliyepo ni kijana wa rika la mwanawe wa mwisho. Katika kila wanawake kumi wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, tisa hivi watakuwa na jambo jingine: utando uliokonda, kinyama kidogo kilichoota ndani, au athari ya dawa. Huyo wa kumi ndiye anayetafutwa, na hajulikani kwa kutazamwa usoni. Kwa ambaye bado anapata hedhi, alama ni damu nyingi kupita desturi yake au inayotoka katikati ya mwezi, hasa kama ana uzito mkubwa, kisukari, hedhi za kurukaruka tangu ujanani, au hajawahi kuzaa. Mafuta ya mwilini hutengeneza homoni ya estrojeni, na estrojeni isiyo na projesteroni ya kuitawala huuchochea utando ule kila siku.

Hapa wengi hupotezwa na kipimo kisicho chao. Kupimwa kwa siki, au kuchukuliwa ute wa mlango wa kizazi, ni kwa ajili ya mlango wa kizazi tu. Majibu mazuri ya siki hayasemi lolote kuhusu chumba kilichoko nyuma ya mlango huo. Mwanamke wa miaka 60 anayetokwa na damu, aliyeonyeshwa karatasi ya siki iliyo safi na kuambiwa arudi nyumbani, bado hajapimwa.

Kipimo cha kwanza cha maana ni ultrasaundi ya kupitia ukeni, inayopima unene wa utando. Kwa aliyekoma hedhi, utando usiozidi milimita 4 kwa kawaida hutuliza wasiwasi. Kwa kawaida, si daima. Uvimbe wa faibroidi hupindisha umbo la mfuko na kuzuia kipimo kuona vizuri, na faibroidi ni nyingi mno kwa wanawake Weusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024, uliowahusu wanawake Weusi peke yao, ulionyesha kwamba kikomo cha milimita 5 kingewaacha nje zaidi ya mmoja kati ya kumi ambao tayari walikuwa na saratani. Kwa hiyo, damu ikiendelea kutoka, utando mwembamba kwenye picha usiwe mwisho wa mazungumzo. Kinachofuata ni kuchukuliwa kinyama.

Kinyama hicho huweza kuvutwa kwa mrija mwembamba wa plastiki, kwa dakika chache, bila kuingizwa chumba cha upasuaji. Penginepo mgonjwa "husafishwa kizazi" chini ya dawa ya usingizi. Njia yoyote inafaa mradi kilichotolewa kifike maabara ya patholojia. Kusafishwa kisha uchafu ukamwagwa ni kutupa jibu pamoja na swali. Anayesafishwa kwa sababu ya damu isiyoeleweka aulize kabla hajalala kitandani: sampuli inakwenda maabara gani, na majibu yatatoka lini?

Sasa safari yenyewe. Mfuko wa uzazi una mirija miwili, kila mmoja ukiwa wazi pande zote: upande mmoja unafunguka ndani ya mfuko, upande wa pili una ncha kama vidole vinavyoelea juu ya ovari. Katika miaka ya 1920, daktari John Sampson wa Albany, New York, alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija hiyo na kudondokea tumboni, na kwa njia hiyo akafafanua ugonjwa wa endometriosi. Njia ile ile ya damu inapitika pia kwa seli za saratani. Zinaachia kwenye utando, zinaelea ndani ya mrija, zinatua juu ya ovari. Njia nyingine ni mishipa ya limfu, inayopanda pamoja na mishipa ya ovari hadi kwenye matezi yaliyo kando ya mshipa mkuu wa tumboni. Ya tatu haina siri: uvimbe unatoboa ukuta wa mfuko na kumgusa jirani.

Ovari, kusema kweli, hupokea wageni wengi. Mwaka 1896 Mjerumani Friedrich Krukenberg aliandika juu ya uvimbe wa ovari aliodhani umeanzia hapo. Baadaye ikaja kujulikana kwamba mwingi wa aina hiyo hutoka tumboni, kwenye mfuko wa chakula. Saratani za utumbo na titi nazo hufika. Kwa hiyo mtu akiambiwa "kuna uvimbe kwenye ovari," asichukulie moja kwa moja kwamba ovari ndiyo iliyouanzisha. Mara nyingi mgeni hujulikana kwa namna alivyokaa: vinundu vidogo vingi, juu ya ganda, kwenye ovari zote mbili. Mwenyeji hupenda kukaa upande mmoja, ndani, akiwa mkubwa.

Kwa dalili za namna hiyo, mwaka 1985 wanapatholojia wawili wa Indiana, Thomas Ulbright na Lawrence Roth, walichambua wagonjwa 34 waliokuwa na saratani sehemu zote mbili, wakaweka vigezo vya kutenganisha aliyesafiri na waliozaliwa wawili. Kwa miaka thelathini madaktari walitumia vigezo hivyo, na jambo moja likawafariji: wanawake walioandikiwa "saratani mbili za awali" waliishi vizuri kuliko mtu mwenye saratani iliyosambaa.

Kisha ukaja mshangao. Mwaka 2016, makundi mawili, moja la Vancouver na jingine la New York, yalisoma vinasaba vya jozi hizo za uvimbe. Karibu zote zilikuwa na mabadiliko yale yale ya jeni mfukoni na kwenye ovari. Zilikuwa saratani moja. Zile "mbili" zilizokuwa zikiandikwa kwenye mafaili zilikuwa, kwa sehemu kubwa, mama na mwana.

Lakini wagonjwa walikuwa wamekwisha kuishi. Vinasaba havikuweza kuwarudisha nyuma kuwaambia kwamba walistahili kufa mapema. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba seli za aina hii hupita kwenye mrija mapema, hutua kwenye ovari na kuishia hapo, bila nguvu ya kuingia kwenye damu na kwenda mbali. Ni kusafiri, ndiyo, ila kwa mtu wa kuvuka uzio tu kwenda kwa jirani.

Jambo hilo limeingia kwenye sheria za kupanga hatua za ugonjwa, na msomaji mwenye ndugu anayetibiwa anapaswa kulijua. Zamani saratani ya mji wa mimba ikikutwa kwenye ovari iliandikwa hatua ya tatu, IIIA, bila mjadala. Mwaka 2023 Shirikisho la Kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, lilitoa mpangilio mpya wenye kipengele kiitwacho IA3, yaani hatua ya kwanza, kwa wale wanaotimiza masharti yote haya: uvimbe wa sehemu zote mbili uwe wa aina ya endometrioidi yenye daraja la chini, uwe haujapenya nusu ya unene wa ukuta wa mfuko, seli zisiwe zimejaa ndani ya mishipa ya limfu na damu, ovari iliyoguswa iwe moja tu, na ganda lake liwe halijapasuka, na kusiwe na mahali pengine popote penye ugonjwa. Sharti moja likikosekana, mgonjwa hurudi hatua ya tatu.

Neno "daraja" hapo juu lisichanganywe na "hatua," kosa ambalo huleta vilio visivyo na sababu. Daraja ni sura ya seli chini ya hadubini, jinsi zilivyo pori au zilivyo tulivu. Hatua ni umbali uliosafiriwa. Mtu anaweza kuwa na daraja la tatu katika hatua ya kwanza. Na aina nayo ina uzito wake: endometrioidi ya daraja la chini ni tofauti kabisa na siraasi au seli-angavu, ambazo huweza kuruka hadi kwenye ovari na utando wa tumbo hata kabla hazijapenya ukuta wa mfuko. Masharti ya IA3 hayazihusu hizo.

Yote haya yanakaa kwenye karatasi moja, ripoti ya patholojia, nayo ni bora kwa kadiri ya sampuli iliyoletwa. Afrika Mashariki si ajabu ndugu wa mgonjwa kukabidhiwa kindoo chenye kizazi kilichotolewa na kuambiwa akipeleke maabara mjini. Anayekabidhiwa ahakikishe mambo machache. Ndani kuna formalini, si maji ya chumvi wala spiriti, na iwe nyingi, mara kumi ya ukubwa wa nyama kama inawezekana. Mfuko uwe umechanjwa na daktari ili dawa iingie ndani. Ukifungwa mzima, utando wa ndani huoza kabla ya kufika, na utando huo ndio uliotafutwa. Ovari ya kulia na ya kushoto ziwe zimetambulishwa. Jina, umri na tarehe viandikwe kwenye chombo chenyewe, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Na fomu ieleze historia: damu ilianza lini, dawa gani zimetumika, ultrasaundi ilionyesha nini. Mwanapatholojia asiyeambiwa kwamba kulikuwa na uvimbe sehemu mbili anaweza kutoa majibu ya sehemu moja.

Ripoti ikitoka, isomwe pamoja na daktari mstari kwa mstari: aina, daraja, kina cha kupenya, mishipa, mlango wa kizazi, mirija, ovari kila upande, matezi. Kama maabara ina uwezo, kuna vipimo vya ziada vya protini, hasa p53 na zile nne za kurekebisha makosa ya vinasaba. Vitalu vya nta ambamo vipande vya nyama huhifadhiwa ni mali muhimu. Vinaweza kuombwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa pili bila mgonjwa kuguswa tena. Namba ya vitalu hivyo ipo juu ya ripoti. Inakiliwe mahali.

Upasuaji wa kawaida hutoa mfuko, mirija na ovari zote mbili kwa pamoja, na mfuko hutolewa mzima. Neno "mzima" lina historia. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya mashine za kusaga kizazi ndani ya tumbo ili kipite kwenye tundu dogo, baada ya kukadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya faibroidi huwa na sarkoma isiyojulikana. Kusaga uvimbe wa namna hiyo ni kuupanda shambani. Mwanamke anayekwenda kutolewa faibroidi huku akitokwa na damu isiyo ya kawaida ana haki ya kuuliza kama utando wake umepimwa kwanza.

Kwa msichana au mama kijana, hesabu ni ngumu zaidi. Kutoa ovari zote akiwa na miaka 35 ni kumwingiza katika ukomo wa hedhi kwa siku moja: joto la ghafla, usingizi kukatika, mifupa kuanza kulegea mapema. Wapo wanaoachiwa ovari, ugonjwa ukiwa wa mwanzo na wa daraja la chini, na wapo wanaotibiwa kwa projestini, ya vidonge au ya kitanzi chenye homoni, ili wazae kwanza. Lakini ovari lazima zichunguzwe kwa makini kabla ya uamuzi huo. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, wanawake 102 wa miaka 24 hadi 45 waliopasuliwa kwa saratani ya mji wa mimba walifuatiliwa, na 26 walikutwa na uvimbe wa saratani kwenye ovari pia. Tafiti za baadaye zimetoa viwango vya chini kuliko hicho, ila si vya kupuuza. Kipimo cha damu cha CA-125 husaidia kidogo tu hapa, kwani hupanda hata kwa faibroidi na endometriosi.

Saratani ikitokea kwa mwenye umri mdogo, au sehemu zote mbili, ukoo nao uulizwe. Mwaka 1895 mwanapatholojia Aldred Warthin wa Ann Arbor, Michigan, aliambiwa na fundi wake wa kushona kwamba yeye atakufa kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya viungo vya kike, kwa kuwa ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Fundi huyo alikufa kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin aliandika habari za ukoo huo mwaka 1913, na miongo kadhaa baadaye Henry Lynch wa Omaha akauendeleza uchunguzi. Leo hali hiyo inaitwa sindromu ya Lynch. Kwa mwanamke aliyeirithi, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba katika maisha yake hukaribia nusu kwa baadhi ya jeni, na ya ovari ni takriban mmoja kati ya kumi. Zile protini nne za maabara ndizo zinazotoa fununu. Kwa hiyo shangazi aliyekufa kwa "vidonda vya utumbo" akiwa na miaka 44 atajwe mbele ya daktari, hata kama familia haikuwahi kujua jina la ugonjwa wake. Jibu likithibitika, kaka na dada pia wanahusika, kwa uchunguzi wa utumbo mpana.

Pembeni kidogo: wanawake wengi huogopa vidonge vya uzazi wa mpango kwa kudhani vinaleta saratani ya kizazi. Kwa mji wa mimba na ovari mambo ni kinyume chake. Vidonge vyenye homoni mbili hupunguza hatari ya saratani hizo zote mbili, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuviacha. Wakati vinatumika huongeza kidogo ile ya titi, jambo la kuzungumza na mtoa huduma, si la kunong'ona sokoni.

Tiba baada ya upasuaji hutegemea yote yaliyotangulia. Anayetimiza masharti ya IA3 anaweza kuhitaji kidogo sana, pengine kufuatiliwa tu. Wa hatua ya tatu kwa kawaida hupewa kemo ya carboplatin na paclitaxel, kila siku 21, mara nyingi mizunguko sita, pamoja na mionzi kwa baadhi. Mionzi inapatikana, miongoni mwa kwingine, Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta Nairobi, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala. Tangu mwaka 2023 dawa za kuamsha kinga ya mwili, pembrolizumab na dostarlimab, zimeonyesha matokeo makubwa kwa wenye kasoro ya protini zile nne. Bei yake bado iko mbali na mifuko mingi. Hata hivyo kipimo kifanywe, maana jibu lake linafaa ukoo mzima. Kabla ya mzunguko wa kwanza, ndugu waulize bima inalipia nini hasa: dawa, kulazwa, au vipimo vya damu vya kila wiki tatu, ambavyo ndivyo hukausha akiba kimyakimya.

Ugonjwa unaorudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, na sehemu moja unayoipenda ni juu kabisa ya uke, pale mfuko ulipokatwa. Kwa hiyo miadi ya kila miezi mitatu hadi sita huwa na uchunguzi wa ndani, si kuulizwa hali kisha kuandikiwa tarehe nyingine. Aliyekwisha kutolewa kizazi akiona damu tena asisubiri tarehe ya kadi. Vivyo hivyo kikohozi kisichoisha, tumbo linalofura, au mguu mmoja uliovimba. Aende na bahasha yake: ripoti ya patholojia, namba ya vitalu, karatasi ya upasuaji inayosema ovari zilitolewa au ziliachwa. Anayempokea siku hiyo huenda akawa daktari mgeni wa zamu, na swali lake la kwanza litakuwa hilo la ovari.